Mto Unabadilika Rangi: Namna ya Kufuatilia Uchafuzi wa Maji Dar es Salaam Hadi Hatua Ichukuliwe

Wakazi wa Vingunguti, Kigogo, Tabata na Mikocheni wanaijua hali ya mito yetu kuliko ripoti yoyote, maana wanaivuka kila asubuhi wakiwa wameziba pua. Wengi wamelalamika kwa mjumbe, kwa mwenyekiti, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na mto umebaki vilevile. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Sheria za nchi kuhusu uchafuzi wa maji tunazo na zina meno. Ili ziume, zinahitaji mtu wa ukingoni anayeweka kumbukumbu na kuipeleka kwenye mlango unaohusika.

Anza kwa kujua nani anashika nini

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapofia. Mtu anaandika barua nzuri, anaipeleka ofisi isiyohusika, inalala kwenye faili.

Sheria mama ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Msimamizi wa sheria hiyo ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Wao ndio wenye wakaguzi wa mazingira, wao ndio wanaopitia tathmini ya athari kwa mazingira kabla kiwanda hakijajengwa, na wao ndio wanaoweza kuingia kiwandani, kuchukua sampuli, kutoza faini na kusimamisha shughuli. Kwa Dar, ofisi zao za kanda ni mbili: Kanda ya Mashariki Kaskazini na Kanda ya Mashariki Kusini. Ulizia wilaya yako iko upande upi kabla hujapanda daladala.

Mto wenyewe, kama chanzo cha maji, uko chini ya bodi ya bonde. Tanzania ina mabonde 9, na mito yetu yote, Msimbazi, Mlalakuwa, Tegeta, Kizinga na Mzinga, imo kwenye Bonde la Wami/Ruvu, ambalo bodi yake ina makao Morogoro. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayetaka kutiririsha majitaka mtoni lazima awe na kibali cha bodi hiyo. Kibali hicho hubeba masharti. Watu wengi hawajui kwamba kipo, na ndiyo maana hawakiulizii.

DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, anashika mabomba ya majitaka, chemba zake na mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti na Kurasini. Chemba ikifurika barabarani na kuteremka mtoni, anza na DAWASA. Asipojibu, msimamizi wake ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Takataka, vyoo vya majumbani, machinjio na gereji za mtaani ni kazi ya halmashauri: Jiji la Dar es Salaam kwa upande wa Ilala, na manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Humo utakutana na afisa mazingira, na bwana afya wa kata. Mtaro wa barabara ya mtaa ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mafuta ya meli yakimwagika baharini, ni kazi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa meli.

Huna haja ya kuyakariri yote. Uchafu ukitoka kiwandani, NEMC na bodi ya bonde. Ukitoka kwenye chemba, DAWASA. Ukitoka chooni kwa jirani, bwana afya.

Fungua daftari

Kumbukumbu ndiyo mtaji wako. Daftari la kawaida la shule linatosha, ila kila unachoandika kiwe na tarehe, saa, mahali na ulichokiona kwa macho yako. Maandishi yawe hivi:

*"Jumatano, saa 11:40 alfajiri. Daraja la waenda kwa miguu nyuma ya soko. Bomba la zege upande wa kulia ukielekea baharini linatoa maji ya zambarau, yanafuka mvuke. Mvua haijanyesha tangu Jumapili. Juu ya bomba maji ya mto ni ya kijivu. Chini ya bomba ni ya zambarau mpaka kwenye kona ya migomba. Harufu kama ya rangi ya kutilia nguo. Limekoma saa 12:25."*

Mkaguzi anayesoma hapo anapata vitu vingi kwa mara moja. Mvuke unamwambia maji ni ya moto, na kanuni zetu zinataka majitaka yanayotoka yawe kati ya nyuzi joto 20 na 35. Rangi inamwelekeza aina ya shughuli. Kutokuwepo kwa mvua kunafuta kisingizio cha "maji ya barabarani". Na saa inamwambia aje lini. Akifika saa nne asubuhi atakuta bomba kavu, ataandika kwamba hakuona kitu, na ninyi mtaonekana waongo.

Usiandike jina la kiwanda kama hukuliona bomba likitoka kwake. Andika bomba liko wapi. Nani mwenye bomba ni swali la mkaguzi, na ana mamlaka ya kulifuata hadi ndani ya ukuta.

Piga picha kila mara ukiwa umesimama sehemu ileile, na ndani ya picha kiwemo kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kingo ya daraja, mwembe. Video fupi inayoanza kwenye kitu hicho na kuishia kwenye bomba ina nguvu kuliko picha kumi za maji peke yake. Washa eneo kwenye simu ili picha ibebe mahali ilipopigwa, na uzihifadhi zile za asili, kwa sababu picha ikishapita WhatsApp hupoteza taarifa hizo.

Kama uko maeneo ya chini, kuanzia Jangwani hadi Daraja la Selander, andika pia kama maji yamejaa au yamekupwa. Sehemu hiyo ya Msimbazi inapokea maji ya bahari. Wakati wa kujaa, uchafu unachanganyika na chumvi, unarudi nyuma, na mto unaonekana afadhali. Wakati wa kupwa ndipo unaona mto wenyewe. Wavuvi wa pale watakuambia saa bila kuangalia kalenda.

Na jihadhari. Usiingie eneo la mtu, usishuke mtoni peku, usiguse maji kwa mkono wenye kidonda. Kaeni wawili, hasa alfajiri.

Linganisha juu na chini

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia baharini. Kila mwenye bomba atakuambia uchafu umeletwa na walio juu yake. Jibu lake ni kulinganisha. Chagua pointi tatu: moja juu ya bomba, moja kwenye bomba lenyewe, na moja chini yake mahali ambapo maji yameshachanganyika. Siku zote ziangalie zote tatu ndani ya saa moja, ukianzia chini kwenda juu ili matope unayovuruga yasikufuate.

Jambo hili dogo ndilo linalotenganisha malalamiko na ushahidi.

Mkiwa na uwezo wa kuchanga, kipimo kidogo cha pH (kiwango cha asidi kwenye maji) na cha uwezo wa maji kupitisha umeme kinauzwa kwa bei ambayo kikundi kinaweza kumudu. Kitumbukize kwenye kikombe cha maji uliyochota, soma namba, andika. Kioshe kwa maji safi kabla ya pointi inayofuata, na ukilinganishe mara kwa mara na maji yake maalumu ya kusahihishia, vinginevyo namba zako hazina maana.

Elewa namba chache

Viwango vya ubora wa maji viliwekwa na kanuni za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Mazingira. Kwa majitaka yanayoachiwa kwenye mto, pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. BOD isizidi miligramu 30 kwa lita. COD isizidi 60. Risasi, ile metali ya kwenye betri, isizidi 0.1.

BOD ndiyo namba ya kuizoea. Hupima kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuozesha uchafu kwa siku 5. Ikipanda, maana yake uchafu unakula oksijeni ya mto, samaki wanakosa pumzi, na mto unaanza kunuka yai viza. COD inahesabu na uchafu ambao vijidudu haviuwezi, ndiyo maana kwenye majitaka ya viwanda vya nguo au rangi COD inaweza kuwa juu sana huku BOD ikionekana ya kawaida. Ukiletewa majibu yenye BOD peke yake kutoka bomba la kiwanda, omba na COD.

Nchi nzima ilijifunza uzito wa oksijeni Machi 2022, samaki walipokufa Mto Mara na maji yakawa meusi. Kamati ya kitaifa iliyoongozwa na Profesa Samuel Manyele ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imeshuka, na ikataja vinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika. Kwa maoni yangu, ubishi ule ungekuwa mfupi sana kama kungekuwa na vipimo vya mara kwa mara vya kabla ya tukio, vilivyo wazi kwa wananchi. Ndiyo maana nawasihi wenye mito ya Dar waanze kuandika sasa, hata pale mto unapoonekana mtulivu.

Andika barua inayoomba jambo moja

Barua nyingi huishia na "tunaomba hatua kali zichukuliwe". Hakuna afisa anayejua aanze wapi na sentensi hiyo. Omba kitu kinachoweza kufanyika kwa tarehe. Kwa mfano:

*"Sisi wakazi wa Mtaa wa … tunaomba mkaguzi wa mazingira afike kuchukua sampuli kwenye bomba lililo chini ya daraja la …, ambalo tangu tarehe … limeonekana mara kwa mara likitoa maji ya moto ya rangi ya zambarau kati ya saa 11 na saa 12:30 alfajiri. Tumeambatanisha kumbukumbu na picha. Tunaomba kujulishwa kwa maandishi siku ya ukaguzi na majibu ya vipimo."*

Ipitishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa mtendaji wa kata, wote wagonge mhuri. Ielekeze kwa NEMC kanda yenu, nakala bodi ya bonde na afisa mazingira wa halmashauri. Nenda na nakala yako mkononi, wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri wa kupokea, kesho utaambiwa haikufika. Mtendaji akigoma kupitisha, usikwame hapo; iandike moja kwa moja NEMC na ueleze kwamba ulianzia kwake.

Baadhi ya watu wanaogopa kuweka majina, hasa wanaofanya kazi kwenye kiwanda kilekile. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na unaweza kuomba jina lako lisitolewe. Kwenye mitandao, elezeni mlichokiona bila kumtaja mtu ambaye vipimo havijamgusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao haina huruma na taarifa ya uongo, na posti moja ya hasira inaweza kuwageuza walalamikaji kuwa washtakiwa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo lazima mliongee kwenye kikao kabla ya kuandika. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakulima wa mchicha na matembele wa bonde la Msimbazi wamo humo. Nyumba nyingi zimo humo. Hao ndio mashahidi bora mlio nao, maana wanakesha na mto, na ndio wenye hofu kubwa kuliko wote kwamba mkaguzi akija atawaanza wao. Hofu hiyo ni ya kweli, msiipuuze wala msimsukume mtu atie saini. Mwenye nyumba nje ya mita 60 aandike barua, na mkulima abaki kuwa macho ya kikundi.

Sampuli yenye nguvu

Sampuli utakayochukua mwenyewe kwenye chupa ya maji ya dukani itakusaidia kujua, lakini haitamtia mtu hatiani. Inayosimama mahakamani ni ile iliyochukuliwa na mkaguzi na kupimwa kwenye maabara inayotambulika, huku kila aliyeishika akiwa ameandikwa. Kazi yenu siku hiyo ni kushuhudia vizuri.

Angalieni mambo haya. Chupa ya kupima vimelea lazima iwe imetakaswa na isisuuzwe mtoni. Sampuli za vimelea na za BOD zikae gizani kwenye boksi lenye barafu, zifike maabara haraka. Za vimelea zinatakiwa ndani ya saa chache, na zote mbili kabla ya saa 24 kupita. Ya kupima metali huongezwa asidi kidogo ili metali zisishike kwenye ukuta wa chupa. Kila chupa iwe na lebo kabla haijaondoka ukingoni. Zichukuliwe pointi zote tatu, ya juu ikiwemo. Ukiona boksi halina barafu na jua la Dar liko utosini, sema kwa heshima, na uandike kwenye daftari. Majibu yakija vibaya au yakija mazuri mno, mtajua kwa nini.

Ulizia kibali

Wakati mnasubiri, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwenye taarifa anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni bodi ya bonde mkiomba kujua kama bomba hilo lina kibali cha kutiririsha majitaka, masharti yake ni yapi, na mwenye kibali alileta lini vipimo vyake. Andikeni NEMC mkiulizia cheti cha mazingira na ripoti ya mwisho ya ukaguzi.

Nimeona barua hii ikifanya kazi kuliko malalamiko yenyewe. Ofisi ikishaulizwa kwa maandishi kuhusu kibali ambacho hakipo, inabidi mtu atoke akakague.

Uchafu unaotoka majumbani

Tusijidanganye kwamba viwanda peke yake ndivyo vinavyoua mito. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na bomba la majitaka. Tuna mashimo na makaro, na mengi yamechimbwa mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu. Masika yakianza, mtu anatoboa shimo lake usiku mvua ikiwa kubwa, anatapisha, na kinyesi kinateremka na mtaro mpaka kwenye uwanja wanaochezea watoto. Kipindupindu cha 2015 kilichoanzia Kinondoni kinakumbukwa na kila mwenye mgonjwa.

Ukimwona anayetapisha, bwana afya ana nguvu ya kumtoza chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri. Ila faini peke yake haitamaliza. Gari la majitaka haliingii kwenye vichochoro, na bei yake inamshinda mpangaji. Wanabaki vyura, vijana wanaozama shimoni kwa ndoo na kuzika uchafu pembeni. Kikao cha mtaa kinaweza kufanya mawili kabla ya mvua za vuli na za masika: kuorodhesha mashimo yaliyojaa, na kukodi kwa pamoja mashine ndogo ya kunyonya inayopita vichochoroni ili gharama igawanywe. Hakikisheni mnaonyeshwa stakabadhi kwamba uchafu umemwagwa kwenye bwawa rasmi. Dereva asiye na stakabadhi huenda ameumwaga mtoni, kilomita chache juu yenu.

Wa Temeke na Mbagala wana sababu ya ziada. Mtambo wa maji wa Mtoni unachota Mto Kizinga. Kinachoteremshwa mtoni huko juu kinakuwa mzigo wa mtambo unaorudisha maji mabombani.

Hatua ikikwama

Siku 30 zikipita kimya, andika barua ya ukumbusho ukiambatanisha ile yenye muhuri. Ikishindikana, panda: kwa mkuu wa wilaya, kwa mbunge, kwa Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Adhabu ziko wazi. Sheria ya 2004 iliweka kwa kosa la uchafuzi faini ya shilingi milioni 3 hadi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Kwa kuwa sheria hurekebishwa, mwanasheria wenu aangalie toleo linalotumika.

Mahakama nayo ipo, na wana-Dar walishaitumia kabla sheria hii haijazaliwa. Wakazi wa Tabata walilishtaki jiji mwaka 1988 kwa dampo lililokuwa likiwafukizia moshi, wakashinda, na jiji lilipoomba kuongezewa muda, mwaka 1991 Mahakama Kuu ilikataa. Dampo lilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao, mamia kwa pamoja, wakaenda mahakamani mwaka uleule na wakashinda. Vituo vya msaada wa kisheria vilivyopo jijini vinaweza kuwasaidia kuanza.

Hatua ikichukuliwa, bomba likizibwa au mtambo wa kusafishia ukijengwa, endeleeni kuandika, hasa usiku wa mvua na sikukuu ambapo ofisi zimefungwa. Ombeni kwa maandishi mkaguzi arudi kupima pointi zilezile tatu, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa.